Taa ya Chumba cha Kulia: Ipimwe Kuanzia Kwenye Sinia

Kwetu Unguja na Pemba jua hutua baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, mwaka mzima. Chakula cha usiku, basi, huliwa chini ya taa kila siku ya Mungu, na futari ya Ramadhani vilevile. Pamoja na kazi yote hiyo, taa ya chumba cha kulia ndiyo inayonunuliwa kwa pupa kuliko zote: mtu huingia katika duka la vifaa vya umeme Darajani, huinua kichwa, huona taa arubaini zinawaka kwa pamoja, kisha huchagua ile inayometa zaidi. Akifika nyumbani, inawaka peke yake katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, na wanaokula wanakunja nyuso kama waliokaa juani. Mwongozo huu unakwenda njia nyingine. Unaanza chini, penye chakula, na kupanda taratibu mpaka darini, kwa sababu mambo mengi ambayo taa inatakiwa kuyatimiza huamuliwa na mahali chakula kilipo na mahali macho ya walaji yalipo.

Swali la kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi, ni hili: nyumba yenu inakula mezani au inakula mkekani? Wengi watajibu kuwa wanayo meza, lakini ukiwauliza mara ngapi kwa wiki watu hukaa mezani hapo, utasikia habari nyingine. Meza hutumika kwa wageni na kwa kazi za skuli za watoto, na chakula chenyewe huandaliwa kwenye sinia juu ya mkeka. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila taa inayofaa kwa meza haifai kwa mkeka, na kinyume chake pia ni kweli.

Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi. Taa inayoning'inia juu yake huwekwa ili ukingo wake wa chini uwe sentimita 75 hadi 90 juu ya ubao wa meza, yaani sentimita 150 hadi 165 kutoka sakafuni, au kwa hesabu ya mafundi wetu, baina ya futi 5 na futi 5 na nusu. Katika kimo hicho aliyekaa humwona wa upande wa pili bila taa kumkata uso, na globu yenyewe haionekani ikiwa imezungukwa vizuri na chengeu, yaani kile kifuniko cha pembeni kinachoelekeza mwanga. Kwa hiyo taa ya mezani inaweza kuwa wazi chini, lakini pembeni lazima izibwe. Katika nyumba za Mji Mkongwe ambamo dari hufika mita 3 na nusu au zaidi, vitabu vya wapambaji huruhusu taa ipandishwe sentimita 7 au 8 kwa kila futi ya ziada ya dari. Mimi nashauri usiifuate kanuni hiyo hadi mwisho, kwa sababu dari ikiwa juu sana taa itajikuta imepanda mbali na chakula kwa kuifurahisha dari, wakati hakuna anayekula darini. Ukifika mita moja juu ya meza, simama hapo.

Mkekani mambo yanabadilika. Watu hupita juu ya mkeka kabla na baada ya kula, wakibeba masinia, mabirika na mabakuli ya mchuzi, kwa hiyo ukingo wa chini wa taa usishuke chini ya sentimita 210, ambazo ni karibu futi 7. Macho ya aliyekaa chini yako kiasi cha sentimita 75 hadi 80 kutoka sakafuni, na kutoka hapo, akiinua kichwa kidogo tu kumtazama aliyesimama, huliona tundu la taa moja kwa moja. Taa iliyo wazi chini, ile ile iliyokuwa nzuri mezani, hapo humchoma macho. Ya mkekani inataka kioo cha rangi ya maziwa upande wa chini, au bakuli lililofungwa, ili mwanga utoke umetulia. Aidha inahitaji nguvu zaidi, kwani mwanga unaokwenda moja kwa moja hupungua haraka kadiri ya umbali: taa ikipandishwa kutoka sentimita 80 hadi 210 juu ya chakula, kinachofika kwenye sinia ni takriban sehemu moja ya saba ya kile cha awali, ukiacha ule unaorudishwa na kuta na dari. Ndiyo maana kuta zilizopakwa chokaa nyeupe ni msaada mkubwa kwa wanaokula chini. Chumba kilichopakwa rangi ya kahawia iliyokoza hukulazimisha kuongeza globu.

Nimeyajua haya kwa gharama ya heshima yangu mwenyewe. Nilitundika taa ya shaba juu ya meza yetu ya watu sita, ukingo wake sentimita 80 juu ya ubao, na kwa miezi minane kila aliyeingia aliisifu. Ramadhani ilipofika tukaisogeza meza ukutani na kutandika mkeka, maana futari ya watu kumi na wanne haiingii mezani. Baada ya kufuturu, mjomba aliinuka kwenda kunawa, na kofia yake ya viua ikanasa kwenye ukingo wa taa, ikabaki inabembea pale juu ilhali yeye ameshafika mlangoni kichwa wazi. Watoto walicheka mpaka wakaziacha tambi. Mjomba hakucheka, na usiku ule ule nilipanda juu ya kiti na kuufunga waya fundo.

Tangu siku ile humwambia kila anayeniuliza afanye jaribio lisilogharimu kitu. Chukua pakacha au kikapu chenye upana unaokaribiana na wa taa unayoitaka, kitundike kwa kamba mahali pale pale na kwa kimo kile kile, na ukiache siku tatu. Watakaokigonga watakueleza bila kuulizwa. Utajua pia kama kinaziba televisheni, kama mlango wa kabati unakifikia, na kama mama wa nyumba anakiona kikubwa mno, kabla hujainunua taa yenyewe badala ya baadaye.

Kuhusu ukubwa, kanuni mbili zinatosha. Kwa taa ya juu ya meza, upana wake uwe baina ya nusu na thuluthi mbili ya upana wa meza, hivyo meza ya sentimita 90 inataka taa ya sentimita 45 hadi 60. Kwa taa ya kati ya chumba pasipo meza, jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, na jumla hiyo uisome kama inchi: chumba cha futi 10 kwa 12 kinapendeza na taa ya inchi 22 hivi.

Kanuni hiyo ya pili, hata hivyo, hushindwa katika nyumba za kale za mji. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu ambao mti wenyewe umeujaalia, hivyo upana wa chumba kwa kawaida haupiti mita 3. Thurea, yaani taa ya matawi mengi, ikiwa moja kubwa katikati ya chumba cha namna hiyo huonekana kama imekwama, na pembe za mbali hubaki gizani. Kilicho bora ni taa mbili au tatu ndogo, kila moja sentimita 20 hadi 30 kwa upana, zilizopangwa kwa mstari kufuata urefu wa chumba. Na kama kuta zako bado zina zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, usizipite bure: globu ndogo ya wati 3 iliyofichwa ndani ya kidaka, nyuma ya bakuli la kauri, huutuliza ukuta mzima na kupunguza ule mpambano wa mwanga mkali katikati na giza pembeni ambao huyachosha macho.

Sasa tuje kwenye globu, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko umbo la taa. Kwenye boksi utakuta namba kadhaa, na muuzaji atakutajia moja tu, wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni: globu ya kizamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na leo globu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi hicho hicho. Chumba cha kulia cha mita za mraba 12 kinahitaji jumla ya lumeni 1,800 au zaidi kidogo, ikiwa taa ziko juu na chakula kiko chini. Juu ya meza, taa moja iliyoshuka ya lumeni 800 hadi 1,000 inatosha, pamoja na taa nyingine hafifu ukutani. Ukiwa na thurea ya matawi matano yenye globu za kizamani za wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku utatumia yuniti 45 kwa mwezi. Matawi hayo hayo yakiwa na LED za wati 7 yatatumia yuniti 5 na robo. Anayenunua umeme kwa Tukuza, ile mita ya kulipia kabla ya kutumia, hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Namba ya pili ni ya rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa herufi K. Globu ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano uliotulia, unaoelekea ule wa taa ya chemni ambayo wazee wetu waliisomea. Ya 6500K hutoa weupe unaopiga buluu, na ndiyo iliyojaa madukani, kwani wateja wengi huamini kuwa mwanga mweupe ndio wenye nguvu. Ijaribu juu ya bakuli la pweza wa nazi. Chini ya globu ya 6500K ya bei rahisi, mchuzi huwa kijivu na pweza mwenyewe hupauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Chini ya globu ya 2700K iliyotengenezwa vizuri, manjano huonekana manjano na nazi hurudisha ule unene wake machoni. Nasema iliyotengenezwa vizuri kwa sababu iko namba ya tatu, inayoandikwa Ra au CRI, ambayo hueleza ni kwa uaminifu gani mwanga huonyesha rangi za vitu. Kipimo chake cha juu ni 100. Usinunue chini ya 80 kwa chumba cha kulia, na ukipata 90, ichukue hata kama bei imezidi kidogo.

Wapo watakaopinga kwamba mwanga mweupe unahitajika ili kuona miba, na hoja hiyo si ya kudharauliwa katika visiwa ambavyo watu hula changu na tasi kwa mikono. Lakini chunguza kinachotokea. Mwiba haufichwi na umanjano wa mwanga, unafichwa na kivuli. Taa ikiwa ukutani nyuma ya mlaji, kivuli cha kichwa na bega lake huangukia sahani, na mkono wake mwenyewe humalizia giza lililobaki. Ikiwa globu ni moja, ndogo na kali, mikono mitano ikiingia katika sinia moja hutupa vivuli vikali vinavyopishana juu ya samaki. Dawa yake ni taa iwe juu ya katikati ya sinia, si juu ya katikati ya chumba ikiwa sehemu hizo mbili hazilingani, na iwe pana au yenye kioo cha maziwa, ili mwanga ujie chakula kutoka pande nyingi kidogo. Vivuli hulainika, na mwiba huonekana hata kwa mwanga wa manjano.

Katikati ya chumba mara nyingi pameshakaliwa na pangaboi, na hapa ndipo mipango mingi mizuri inapoharibika. Taa ikiwekwa juu ya mapanga, kila panga linalopita hukata mwanga, na chumba kizima hupepesa kiasi cha kumtia mtu kizunguzungu akiwa anakula. Mwenye pangaboi achague mojawapo ya njia mbili: pangaboi lenye taa yake chini ya mapanga, au taa kadhaa zilizowekwa nje kabisa ya mzunguko wa mapanga hayo. Katika joto la Februari sitamshauri mtu yeyote aliondoe pangaboi kwa ajili ya uzuri wa taa. Taa zenye waya mrefu ziwe mbali nalo, kwa kuwa upepo huziyumbisha, na taa inayoyumba huzungusha vivuli juu ya sahani.

Bahari nayo ina haki yake. Mwenye nyumba ya pwani anajua jinsi chumvi inavyokula chuma, na taa ya bati lililopakwa rangi ya dhahabu haimalizi mwaka wa pili bila kutoa madoa ya kutu pale penye viungo na skrubu. Shaba huchakaa kwa heshima: hupoteza mng'aro na kuwa ya kahawia, lakini husuguliwa ikarudi. Chuma kisichoshika kutu, alumini iliyopakwa rangi ya kuokwa, kioo na kauri zote zinafaa. Sumaku ndogo mfukoni itakufichulia dukani kama unachouziwa kuwa ni shaba ni shaba kweli, maana sumaku haishiki shaba, ila hushika chuma kilichovishwa.

Wadudu pia wafikiriwe. Bakuli la kioo lililofumbua mdomo juu ni kaburi la kumbikumbi wakati wa masika, na mjusi kafiri hufanya makao humo kwa sababu chakula kinamfuata. Mwanga wa manjano huwavuta wadudu kwa uchache kuliko ule unaopiga buluu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuikwepa 6500K.

Kwa asiyetaka vitu vya meli, kuna kazi ya mikono ya hapa hapa. Machengeu ya ukili, ya kifuu cha nazi kilichotobolewa na hata ya makawa yanapendeza, na ninakiri nina udhaifu kwa kawa: kifuniko kilichozoea kukaa juu ya sahani kikilinda chakula dhidi ya nzi sasa kinaning'inia futi chache juu yake, kikimwaga mwanga wenye vitundu ukutani. Masharti ni mawili. Tumia LED tu, kwani globu ya kizamani huwa moto sana na ukili ni majani makavu yaliyosukwa. Na kila baada ya miezi michache chengeu lishushwe, lipanguswe vumbi na lianikwe juani, la sivyo unyevu wa masika utaliotesha ukungu.

Umeme wetu haukai sawa siku zote, na waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka bara kwa waya wa baharini ulipokatika na kisiwa kikakaa gizani kwa miezi mitatu, hawatashangaa nikisema taa ya kulia ipangiwe giza pia. Umeme wa kawaida ni volti 230, lakini tafuta globu ambayo boksi lake linaonyesha uwezo mpana, kwa mfano volti 100 hadi 240 au zaidi, ili isife kila unapopanda na kushuka. Globu ya kuchaji, inayoendelea kuwaka saa kadhaa baada ya umeme kukatika, huingia katika holda ile ile, na moja katika kila tatu inatosha. Hakikisha aina ya holda kabla ya kulipa: kwetu globu za pini bado ni nyingi, ilhali taa nyingi zinazoingia sasa ni za globu za kuzungusha. Ziepuke zile ambazo LED zake zimegandishwa ndani ya taa, kwa kuwa siku kifaa kidogo cha ndani kitakapoungua utatupa taa nzima, na duka lililokuuzia halitakuwa na mfano wake tena.

Ufungaji ni kazi ya fundi umeme, ila zipo kauli tatu ambazo mwenye nyumba anapaswa kumwambia mapema. Taa nzito isishikizwe kwenye jipsamu wala silingibodi. Itundikwe kwa kulabu iliyoingia katika zege au katika boriti nzima, na boriti ichunguzwe kwanza kwa kugongwa, kwani iliyoliwa na mchwa hulia tupu kama ngoma. Taa ya chuma au shaba iunganishwe na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, hata kama fundi atasema taa ya zamani haikuwa nao. Na waya uachwe mrefu kuliko unavyohitajika, ziada yake ikunjwe ndani ya kikombe cha darini. Nyumbani kwetu fundo lile nililolifunga usiku wa kofia limeondoka, na mahali pake fundi ameweka kulabu mbili katika boriti: kumi na moja ya miezi ya mwaka waya huning'inia kutoka ya kwanza juu ya meza, na siku ya kukesha mwezi wa Ramadhani ukiandama hupitishwa katika ya pili, taa ikapanda hadi futi 7, na globu ikabadilishwa kuwa ya lumeni 1,500 yenye kioo cha maziwa.